Rangi Juu ya Alama ya Maji

La Lima, 9 Machi 2023

Mjukuu wangu Nohemí,

Nina miaka themanini na moja. Vimbunga vinne vimekuja kunitafuta, Fifi, Mitch, Eta na Iota. Vyote vimeondoka, mimi nipo. Huko Tegucigalpa unakula vizuri? Goti langu linasumbua kidogo, mengine salama.

Jana ofisi yenu ya kupima mitaa ipi itahimili mafuriko yajayo ilileta watu mtaani kwetu. Usihofu, sikukuaibisha. Niliposikia wanakuja nilipita mlango kwa mlango: "Pakeni rangi! Wageni wasitukute na kuta za matope kama mabanda ya nguruwe!" Zamani tulipaka kila Mei, kwa sikukuu ya San Isidro, mtakatifu wa wakulima, ila tangu Eta hatukuwa na pesa ya rangi; mwaka huu tumetangulia. Nyumba yangu bluu, inameremeta. Kijana wao mmoja akaniuliza, "Don Eleuterio, siku ya Eta maji yalifika wapi?" Nikamwonyesha kifundo cha mguu. "Hapa. Na nilisimama kwa miguu yangu mwenyewe." Akaandika. Nikamnywesha kahawa.

Barua anakuletea Wilmer, dereva wa basi. Simu mimi siiwezi.

Babu yako,
Eleuterio


Tegucigalpa, 2 Aprili 2023

Babu yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila usingizi sina.

Matokeo yametoka. Mtaa wetu umewekwa kundi la mitaa imara. Wameandika: "Kuta hazina dalili ya mafuriko, na mkazi mzee amethibitisha." Mkazi mzee ni wewe, Babu. Tuta jipya la kuzuia mto litajengwa ng'ambo ya mto tu. Sasa mto ukifura na ng'ambo kumezibwa, maji yatamwagikia kwa nani?

Picha zilipoonyeshwa kikaoni niliitambua nyumba yako. Niliona haya kusema wewe ni wa kwetu. Nikajifanya naandika.

Krismasi ile baada ya Eta nilisimama ukutani kwako, alama ya maji ikanifika shingoni. Umeipaka rangi?

Mjukuu wako,
Nohemí


La Lima, 6 Aprili 2023

Nohemí,

Hatujambo. Nyumba hii nimeijenga kwa mikono yangu, usinifundishe habari za kuta. Hao wasomi wako hawana kucha za kukwaruza rangi? Na wewe ukamkana babu yako mbele za watu. Haya. Goti haliumi.

Eleuterio


Tegucigalpa, 30 Aprili 2023

Babu,

Shikamoo. Wilmer anasema siku hizi hutoki nje, hata mlangoni hukai.

Nimesimama mbele ya wakubwa wangu nikasema: yule mzee ni babu yangu, na alichowaambia si kweli. Walicheka. Baadaye wakakubali kurudi, mara moja tu, tarehe 16 Mei, na wanataka kuiona alama kwa macho yao. Nikasirikie ukitaka, ila kula.

Mjukuu wako,
Nohemí


La Lima, 15 Mei 2023

Mjukuu wangu,

Unaendeleaje? Mimi mzima wa mwili. Goti linauma, barua iliyopita nilikudanganya.

Leo sanamu ya San Isidro imepitishwa mtaani kwa ngoma na maua, na nyumba mbaya kuliko zote ilikuwa yangu. Tangu asubuhi nilikuwa naparua rangi kwa panga. Bluu yote chini, tope la Eta likatokea, mstari mweusi ukuta mzima. Waliobeba sanamu wakasimama kunitazama. Nilitamani ardhi inimeze.

Doña Chepa, jirani wa nyumba ya kijani, akapaza sauti: "Kumbe kifundo chako cha mguu kiko shingoni, don Eleuterio! Mtu mrefu wewe!" Wakacheka wote, hadi wabeba sanamu. Mimi nikaendelea kuparua. Chepa alipochoka kucheka alichukua kisu, akaanza kuparua ukuta wake. Na wengine wakafuata.

Kesho wageni wako wasiniulize mimi. Neno langu nimeliharibu mwenyewe. Wamuulize Chepa. Siku ya Eta sikusimama kwa miguu yoyote. Nilikuwa juu ya kabati namlilia Bikira, Chepa akaingia akanibeba mgongoni hadi juu kwenye barabara kuu. Maji yalifika wapi anajua yeye. Yalikuwa shingoni mwake, na mimi nilikuwa juu yake.

Babu yako,
Eleuterio