Samoni wa Ijumaa

Skorvanes, Jumatano

Mdogo wangu Eilif,

"Samaki ni samaki, dada. Akishafika kikaangoni hana ukoo." Ndivyo ulivyoniandikia mwezi uliopita, na nakukatalia kabla hata sijakusalimu. Samaki ana ukoo. Ana mto aliozaliwa, au ana kizimba alichofugiwa, na kikaango ndicho mahali pa kwanza ukoo huo unapojitangaza. Nitakuthibitishia humu humu, na uthibitisho wenyewe utaniumiza mimi kuliko wewe.

Sasa salamu. Natumaini wewe na wifi yangu Gunnvor mu wazima, na kwamba bega lako lililoteguka gatini limepona. Mimi ni mzima. Nipo nyumbani kwa Baba tangu wiki ya kwanza ya Septemba. Gazeti limenipa likizo bila ubishi, nadhani nao walihitaji kupumzika kutokana na mimi. Uliniuliza mambo mawili: hali ya Baba, na kama unaweza kuja kumwona. La kwanza nitalijibu mara moja. La pili litangoja, maana jibu lake limebadilika juzi.

Baba hali chakula vizuri. Tangu upasuaji wa tumbo amepungua kilo kumi na moja. Muuguzi anayepita asubuhi, mama mmoja mpole mwenye sauti ya spika, ameniambia waziwazi kwamba mzee asipoanza kula hataweza kubaki hapa, atapelekwa kwenye nyumba ya wazee. Alimwambia na yeye mwenyewe. Baba akamjibu kwamba amekaa na wazee wa kijiji hiki miaka themanini na nne na hajaona sababu ya kulala nao. Lakini uji akausukuma pembeni. Mchuzi wa nyama akausukuma. Nilimkaangia mayai, akasema mayai ni chakula cha mtu anayengoja basi.

Nikamuuliza anataka nini. Akasema anataka samoni wa mtoni, kipande kimoja, chenye ngozi iliyokaukia kikaangoni, na viazi vya kuchemsha na matango ya siki. Akasema hivyo akiwa ameketi dirishani, anautazama mto. Wewe unajua na mimi najua kwamba mto Skorva umefungwa, huu ni mwaka wa tatu. Samaki waliorudi kiangazi hiki ni wachache mno, hakuna anayeruhusiwa kutupa ndoana. Fimbo zake za kuvulia ziko ukutani sebuleni kama mikongojo ya mtu aliyepona, ila yeye hajapona.

Nilizunguka. Nilikwenda kwa Asmund wa ng'ambo, nikamwomba anifungulie friza lake la chini. Akaniambia samoni wake wa mwisho wa mtoni alimla Pasaka ya mwaka juzi, na kwamba kama ningekuwa mwandishi mzuri kweli ningekuwa nimeshaufungua mto. Nilikwenda kwa watu wengine wawili. Hakuna.

Basi Jumatatu nikaenda dukani. Unajua lile jokofu lililo karibu na jibini. Nikachukua minofu miwili, imefungwa kwa plastiki, na kibandiko kina jina la ghuba yenu, mnakofugia. Nilivua plastiki ndani ya gari, nikaifunga ile minofu kwa karatasi ya kahawia, na kibandiko nikakitupa kwenye pipa la kituo cha mafuta. Nikafika nyumbani nikamwambia Baba kwamba Asmund amekuta kipande cha zamani, cha mwaka kabla mto haujafungwa, na kwamba anamsalimu. Mimi, Eilif. Mimi niliyewaita mawaziri watatu waongo, kwa majina yao.

Akafurahi kiasi kwamba alikataa kungoja chumbani. Akachukua fimbo yake ya kutembelea, akaja kukaa jikoni kwenye kiti cha Mama, karibu na jiko, ili aone.

Nikaanza kazi. Niliikausha ngozi kwa kitambaa mpaka ikashika vidole. Nikatia chumvi. Nikakiweka kile kikaango kizito cha Mama juu ya jiko, kikapata moto, nikalaza minofu ngozi chini, nikaikandamiza kidogo kwa kiganja ili isijikunje. Kisha nikarudi nyuma na kukunja mikono, kwa sababu samoni hasumbuliwi. Unamwacha, unatazama ubavuni, ile rangi nyeupe inapanda polepole kutoka chini, na ikifika theluthi mbili unamgeuza mara moja tu na kuzima moto. Harufu ikajaa jikoni. Nilijiona fundi.

Nilipogeuka, Baba alikuwa hatazami samaki. Alikuwa anatazama siagi, iliyokaa mezani kwenye kisahani chake, haijaguswa.

Wewe umekulia jikoni humo, sihitaji kukueleza. Samoni wa mtoni amepanda maporomoko, hana mafuta ya kumtosha. Ukimweka kwenye chuma kitupu anashika, ngozi inabaki chini na nyama inabaki mkononi. Mama alikuwa akitia siagi mpaka tunamcheka, naye anasema samaki huyu ameogelea maisha yake yote, mwacheni aogelee mara ya mwisho. Hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kumkaanga samoni wa mtoni bila siagi. Ni samaki wa kizimbani tu ndiye anayekaangwa kwenye kikaango kikavu, kwa sababu anatoa mafuta yake mwenyewe. Na yalikuwa yametoka, mdogo wangu. Yalikuwa yamejaa kikaangoni, yanatatarika, kama shahidi asiyenyamaza.

Baba aliniuliza, kwa upole kabisa, siagi ilikuwa na kosa gani. Akasema kwamba uongo wangu kuhusu Asmund angeweza kuusamehe, mtu akiwa mgonjwa watu humdanganya, ndiyo adabu. "Lakini mkono wako haukufikiri," akasema. "Mkono uliosahau siagi umezoea. Umekaanga hawa wa kizimbani mara ngapi, Torgunn?"

Nikamwambia kila Ijumaa. Akauliza tangu lini. Nikamwambia miaka tisa.

Akakisukuma pembeni kile kisahani cha siagi, samaki anapoa. Kisha akasema maneno ambayo nakunukulia kama yalivyo: "Basi mdogo wako na wenzake wamekulisha miaka tisa, na mimi nimemfungia mlango miaka sita kwa maneno yako."

Hili ndilo nililotaka kukuungamia, na barua yote iliyotangulia ilikuwa ni kutafuta ujasiri. Unaikumbuka makala ile. Niliandika kwamba vizimba vya mdomoni mwa ghuba vinaua mto wa baba wa mwenye vizimba. Sikutaja jina lako, lakini hakuna mtu wa Skorvanes aliyehitaji jina. Nilikuja nayo mwenyewe, nikamsomea Baba mezani, neno kwa neno, na kabla sijamaliza alikuwa ameinuka kwenda kukupigia simu kwamba usikanyage tena hapa. Makala ilitoka Ijumaa. Ijumaa hiyo hiyo, kabla ya kupanda treni kuja kumsomea, nilikuwa nimewakaangia watoto wangu samoni wa kizimbani, na nilikula nao. Niliona samaki ni mtamu. Sikumwambia mtu yeyote.

Usifurahi haraka. Hoja zangu haziwi uongo kwa kuwa aliyeziandika ni mwongo. Chawa wa samaki wanaotoka vizimbani mwenu wanawashambulia samoni wadogo wanaoshuka baharini. Samaki wenu wanaotoroka wanapanda mtoni na kuzaana na wa kwetu. Nitaendelea kuyaandika hayo hadi kalamu inidondoke. Lakini makala itakayofuata itaanza na Ijumaa zangu, nimekwisha kumwarifu mhariri, na kama wasomaji watanicheka, watakuwa na haki. Mtu anayeupiga vita mlo anaoula alipaswa kwanza kuulizwa ameshiba nini. Mimi nilihakikisha sikuulizwa, nikamwacha mzee wetu ailipie hasira yangu kwa mtoto wake.

Sasa kuhusu kuja kwako. Baba hajasema uje, na sitakudanganya kwamba amesema. Alichofanya ni hiki: alivuta sahani, akala mnofu ule uliopoa, ngozi na yote, na viazi viwili. Akasema ni laini mno, kama nyama ya mtu asiyefanya kazi. Kisha akaniambia nilete na ule mwingine. Alipomaliza wa pili aliniuliza kama bado unaendesha mashua bila kofia. Tangu makala ile, ndiyo mara ya kwanza kukutaja kwa jambo lisilo tusi.

Kwa hiyo nawataka nyinyi wawili, na sisemi "nawaomba". Eilif, njoo Jumamosi saa kumi jioni. Usipige simu kuomba ruhusa, kwa sababu akiulizwa atalazimika kukataa. Pita mlango wa jikoni. Leta samaki wako mwenyewe, wa kizimba chako mwenyewe, umkaange mbele ya Baba, na umwambie kwa mdomo wako ametoka wapi. Atakutukana, mjibu ukiweza, kula ukishindwa, lakini usiinuke mezani kabla yake. Nawe wifi yangu Gunnvor, akianza kusema gari lina hitilafu au bahari imechafuka, shika usukani wewe, umlete.

Asmund anawasalimu, safari hii kwa kweli. Muuguzi pia, ingawa hajawahi kuwaona.

Dada yako,
Torgunn