Mwewe na Kamba wa Södertälje

Mjukuu wangu Baraka, mume mwenzangu,

Kwa masikitiko makubwa nakutangazia kwamba mke wetu, bibi yako, amebadilisha mapazia ya jikoni hapa Akalla, Sweden, bila kunishauri. Ya sasa yana picha za malimau. Mengine yote salama.

Picha ya yule mwewe wa kinamasi unayemtafiti huko chuoni Florida nimewaonyesha majirani wote. Unasema walipoingia konokono wakubwa wa kigeni, mwewe, ambao chakula chao ni konokono, walihangaika nao, wakawa wanawadondosha, ila vizazi vilivyofuata vikatokea na midomo mikubwa ya kuwamudu. Kisha ukaniuliza, mtundu wewe, mimi nilizoea lini vyakula vya Sweden.

Umeshaisikia ile karamu ya kamba wa ziwani, mwaka wangu wa kwanza kiwandani Södertälje. Kila mtu kavaa kofia ya karatasi, ndiyo desturi yao, anafyonza kamba kwa kelele. Nilitamani sana wanione mwenzao. Bibi yako husimulia kwamba nilimaliza sahani nzima, nikapigiwa makofi.

Ukweli ni huu. Kamba wa kwanza aliniponyoka, akatua kwenye glasi ya msimamizi. Mama yako, wakati huo darasa la kwanza, alishafundishwa na rafiki zake kuwala. Akaninong'oneza kwa Kiswidi, "Baba, lete hapa." Basi yeye akawa anawamenya chini ya meza, mimi nameza tu. Makofi nilipigiwa kweli.

Kwa hiyo mdomo wangu haujakua hata kidogo, Baraka. Uliokua ni wa mama yako.

Babu yako