Isale Kwenye Droo ya Bungeni

Dada Manka,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuitikia marahaba, lakini mama alitulea hivyo na mimi sijui kuanza vingine.

Wamekuzika huko huko Uholanzi. Nilitazama kwenye simu nikiwa zizini, maana hapa Kibosho mtandao unashika zizini tu. Wabunge wenzako walisimama na makoti meusi. Picha ikaganda jeneza likishushwa, na iliporudi watu walikuwa wanaondoka.

Viza walininyima. Wameandika kwamba hawana hakika kama nitarudi. Nisirudi niende wapi, na ng'ombe nimwachie nani? Ungecheka, dada. Halafu ungekumbuka kwamba sheria ya kuwabana ndugu wa wahamiaji uliipigia kura ya ndiyo wewe mwenyewe.

Uliposhinda ubunge huko, tulikunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, siku mbili. Mtoto wa hapa, aliyefika kule akaanza kwa kuogesha wazee wa watu, leo yuko Bungeni! Picha yako ukiapa na kitenge nikaibandika sebuleni, nikawaringia hata wasioniuliza. Ndiyo maana kura ile iliniuma. Ulinipigia ukasema, "Mdogo wangu, nikiwapinga kwenye hili, chama hakinisimamishi tena kugombea. Na kila siku naulizwa natoka wapi hasa." Nikakata simu. Miaka miwili sikupokea.

Krismasi iliyopita ukaja na isale. Binti yangu alikuona barabarani, akakimbia kuniambia, "Baba, shangazi anapanda huku, ameshika isale, amelifunga fundo." Sote tunajua maana yake. Ukiletewa jani lile kuombwa msamaha, hukatai, hata kama umeuliwa ndugu. Kwa hiyo sikukataa. Nilitoroka kwa nyuma kupitia migombani, nikateremka hadi Chekereni kwa shemeji, eti nafuata pumba za kuku. Nikakaa siku nne, mtu mzima na mvi zangu, namkimbia dada yangu. Nilijua nikikuona nitakusamehe, na sikutaka.

Wa nyumbani walikuambia uliache kwa binti yangu. Ukasema, "Hapana, nitampa mkononi." Ukapanda nalo ndege. Ulipoanza kuumwa hukuniambia, na ungeniambiaje, wakati simu yako sipokei?

Wiki iliyopita mumeo alituma sanduku la vitu vya ofisini kwako. Miwani, kitenge, na isale lililokauka, fundo bado limekaza. Anasema lilikuwa kwenye droo ya meza yako bungeni, akadhani ni dawa ya kienyeji.

Nimelipokea, dada. Nilisimama zizini nikasema kwa sauti, "Nimepokea, nimekusamehe." Ng'ombe wakageuka kunitazama, basi. Nilidhani moyo ungelegea. Haukulegea. Sasa mwenye kosa ni mimi, na isale la kukuletea ninalo, bichi na shina lake, ila kule uliko hawaniruhusu kufika.

Nimelipanda hilo bichi la kwangu kando ya kaburi la mama, mahali ulipopaswa kulala. Chini yake hakuna mtu. Nitalimwagilia hivyo hivyo. Na kila Krismasi, maadamu niko hai, nitakaa nyumbani kutwa, mlango wazi.

Kwaheri, dada yangu. Chekereni siendi tena.

Mdogo wako,
Tobias