Tumerudi Bila Neema

Jumatatu, Kavimvira

Mpakani niliwahesabu wasichana wangu wa timu mara tatu. Tulikuwa tunarudi kutoka mashindano ya Bujumbura, na Neema, golikipa wetu, hakuwemo. Nami nilikuwa nimewasainia wazazi kwamba nitawarudisha wote.

Nilienda kwa mama yake. Alikuwa anachambua mchele. Alinisikiliza, wala hakulia.

“Ni miye nilimwambia abakie kule Bujumbura kwa shangazi yake. Huku vita iko karibu, Mama Kochi. Unisamehe.”

Nilikasirika, halafu nikashusha pumzi. Yuko salama. Lakini wazazi wengine nitawaambia nini?

Nilipoinuka kuaga, alimwita binti yake mdogo, akamsimamisha mbele yangu.

“Huyu naye anajua kudaka. Mutasafiri tena lini?”

Nilimshika mtoto kichwani, nikaondoka.