Mstari mmoja uliomfuta Mama Domitila

Jumatano, jioni. Mvua imepiga tangu adhuhuri, sasa yamebaki manyunyu na harufu ya matope inayoingia hadi sebuleni. Mama ameniwekea wali mezani, umepoa, ameupasha, umepoa tena. Nimemwambia tumbo linanisumbua. Si uongo sana.

Leo nina kinyaa. Hasira naijua, ikinishika naosha masufuria yote ya nyumba hii halafu inapita. Hiki hakipiti. Tangu mchana nimenawa mikono sijui mara ngapi.

Niandike tangu mwanzo, nisije nikajipendelea.

Kwa asiyenijua: ninafanya kazi ya orodinateri, yaani kompyuta, katika biro moja, ofisi inayopanga orodha ya watu wa Buterere waliofurikiwa na maji. Aliye kwenye orodha atapewa kiwanja kidogo sehemu ya juu, mafuriko yasikofika, pamoja na mabati ya kuezekea. Orodha ni fupi na watu ni wengi. Asiyekuwemo anabaki palepale kwenye maji akingoja mvua nyingine.

Wiki mbili zilizopita shefu wangu, mkuu wa biro, alilalamika kwamba wakubwa wamejipenyeza. Watu wenye nyumba za matofali mjini nao wanaomba mabati ya maskini. Nikamwambia, niachie mimi.

Nilikuwa na wazo. Serikali imeweka wazi mtandaoni jedwali la mashirika ya hisani: jina la shirika, liliandikishwa lini, viongozi wake ni nani, lilipokea nini na likatumia kwa nini. Hata namba za karangamuntu za viongozi, yaani za vitambulisho vyao, zimo. Sijui nani aliona hilo ni busara. Nikalipakua lote, nikaliingiza kwenye mashine yangu, nikaanza kuliuliza maswali kwa SQL. Hiyo ni lugha ya kuulizia tu: nipe wote wenye hiki, wapange kwa kile, nihesabie wanaojirudia. Unaandika mstari mmoja, jibu linatoka hapohapo.

Nikauliza, simu ipi inajirudia? Ikatoka namba moja kwenye shirika la wajane, la wafuga nyuki, la vijana wa mpunga na la vipofu. Nikauliza anwani. Shirika la wajane wa Buterere lina ofisi Kiriri, kule kwenye mageti na maua. Nikauliza matumizi. Karibu pesa yote ya wajane imekwenda kwenye "vikao na usafiri". Nikajiuliza ni wajane gani hao wanaosafiri hivyo, maana ninaowaona mimi wanavuka madimbwi na sandali mkononi.

Nilichukizwa, wallahi. Lakini lazima nikiri, kinyaa cha siku zile kilikuwa kitamu. Kuwachukia wezi ukiwa umekaa kwenye kiti, feni inakupepea, kuna raha yake. Nilikuwa nawahi kazini kwa ajili hiyo.

Mwisho nikaandika mstari huu:

DELETE FROM waombaji WHERE karangamuntu IN (SELECT karangamuntu FROM viongozi);

Maana yake: yeyote anayeomba kiwanja, kama namba yake iko kwenye jedwali la viongozi wa mashirika, mfute. Kiongozi wa shirika anataka mabati ya nini?

Walifutika watu sitini na kitu. Kikaoni shefu akanisimamisha, wenzangu wakapiga makofi, nikanunuliwa Fanta. Kilemba cha ukoka hicho, nami nikakivaa na kurudi nacho hadi nyumbani Buyenzi. Majina ya waliofutwa sikuyasoma. Nilijua ni wezi, nilikuwa na haja gani ya kuyasoma?

Leo saa nne asubuhi zamu, mlinzi wa getini, akaniita, kuna mama mzee ananiulizia na amekataa kuondoka.

Alikuwa Mama Domitila. Huyu ametuletea mchele wa Buterere tangu nikiwa shule ya msingi, mfuko kichwani, kwa miguu. Mama alipolazwa ile miezi miwili, yeye ndiye aliyekuja kutupikia mimi na wadogo zangu, jioni akirudi kwake kulima kesho yake. Yeye Mkristo, sisi Waislamu, na hajawahi kukosa Idi hata moja nyumbani kwetu. Alisimama pale getini, miguu ina matope hadi magotini, sandali ameshika.

"Mutoto wangu, wameniondoa ku liste," akasema. "Wanasema mi ni mukubwa ya shirika. Shirika gani?" Akacheka. "Nikuwe mukubwa, nilale mu maji?"

Nami nikacheka. Nikamwambia ni kosa la majina kufanana, asubiri hapo dakika kumi. Nilikuwa na uhakika.

Nikaketi, nikaandika namba yake kutoka kwenye fomu ya maombi. Mistari minne ikatoka.

Mama Domitila ni makamu wa mwakilishi wa kisheria wa wafuga nyuki. Ni mshauri wa vijana wa mpunga. Ni mjumbe wa wajane, na mumewe yuko hai, anakohoa kule Buterere. Kwenye shirika la vipofu yeye ni mweka hazina. Mwanamke huyu hajui kusoma, kila karatasi maishani mwake ameipiga dole gumba. Hapo ndipo niliposoma majina ya wale sitini kwenye orodha ya kabla ya kufuta, jina baada ya jina. Karibu wote ni wa Buterere, mitaa ileile miwili mitatu, wanawake watupu. Na juu ya kila shirika mwakilishi wa kisheria ni mtu mmoja, ambaye mji mzima unamwita Direkta; siku zile niliuliza namba tu, majina sikuyatazama.

Direkta yeye hakuomba kiwanja. Anaishi Kiriri, aombe cha nini? Mstari wangu haukumgusa hata unywele.

Lile jedwali lina pia picha za hati za kuandikishia. Nikafungua hati ya vipofu. Ukurasa wa waanzilishi ulikuwa na mstari mweusi mwembamba upande wa kulia, kutoka juu hadi chini.

Nikaukuza kwenye kioo. Mstari ule ninaujua.

Kabla ya kazi hii nilikaa miaka mitatu kwenye kibanda cha fotokopi na kuchapa barua, sekretariati kama tunavyoita, karibu na soko. Tulikuwa na mashine moja ya kopi na ilikuwa na kidonda: kila karatasi ilitoka na mstari mweusi kulia. Tuliisugua kwa spiriti, kwa pamba, kwa dua, wapi. Direkta alikuwa mteja wetu mzuri. Alikuja na bahasha ya karangamuntu zilizofungwa kwa mpira, akaziweka mbele yangu. "Dada, fanya haraka, wamama wanangoja sabuni yao." Alikuwa akizikusanya kwa ajili ya msaada: leta karangamuntu, upate vipande viwili vya sabuni. Hakuna aliyeshangaa. Hapa kwetu kila msaada huanza na kopi ya karangamuntu, watu wameshazoea kuitoa kama wanavyotoa mkono wa salamu.

Nilizipiga kopi. Kisha nikachapa hati za mashirika, kati ya mamia niliyochapa na kusahau, yeye akinisomea: huyu makamu, huyu mshauri, huyu mweka hazina. Mimi ndiye niliyeyaandika majina yale, kwa vidole hivi.

Na kadi ya Mama Domitila niliiona. Hilo ndilo linalofanya wali wa watu upoe mezani. Niliiona picha yake, nikamwambia Direkta, huyu namjua, ni kama mama yetu. Akasema, vizuri, basi mtafutie cheo kizuri. Nikacheka, nikamchagulia mweka hazina. Nilimfurahia. Sikumuuliza mtu kama mwenyewe anajua. Direkta akaniongezea kidogo juu ya malipo, nikanunua mtandio wa kijani ambao bado ninauvaa.

Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, nami nilikuwa nakitafuta Kiriri.

Nilikwenda kwa shefu. Nikamwambia hawa si viongozi, ni wanawake walioibiwa majina, tuwarudishe leo. Hakuinua macho. "Orodinateri yako ndiyo ilisema," akanijibu. Kisha akaniambia, kwa upole hata, kwamba jedwali ni la serikali, sisi ni nani tulikanushe. Labda nimpate mtu aliyeona orodha hizo zikitengenezwa, aandike, atie sahihi, afikishe karatasi kabla ya Ijumaa adhuhuri. Jumamosi viwanja vinagawiwa. Alilisema hilo la shahidi kama mtu anayekutuma ukamletee jino la kuku.

Nilikuwa nimesimama mbele yake, mita moja. Nikanyamaza.

Nilinyamaza kwa sababu Direkta huja kwenye vikao vyetu, hukaa kiti cha mbele, shefu humwita mheshimiwa. Nilinyamaza kwa sababu Buyenzi si kubwa na nyumba yetu anaijua. Nilinyamaza kwa sababu mshahara wangu ndio dawa za Mama. Sababu ni nzuri zote, naweza kuzipanga kwenye jedwali. Lakini hata nikizipanga vipi, Jumamosi Mama Domitila atabaki kwenye maji kwa mstari wangu mimi.

Nilipotoka mvua ilikuwa imeanza. Alikuwa bado anangoja, amejibanza chini ya paa la duka la jirani. Zile dakika kumi zilikuwa zimekuwa saa mbili na zaidi. Nikajipanga kumwambia: Mama, ni mimi. Nilikuandika bila kukuuliza, halafu nikakufuta bila kukusoma. Nikafungua mdomo, nikasema kuna shida ya karatasi.

Akatikisa kichwa kama mtu anayejua shida za karatasi. Akafungua fundo la kitenge, akatoa kifuko cha plastiki, ndani yake kifuko kingine, ndani yake karangamuntu. Akaniwekea kiganjani, akavifunga vidole vyangu juu yake.

"Si ni kopi wanataka? Piga ingine, mutoto wangu. We utaniletea."

Nikaipokea. Sijui kwa nini niliipokea. Akajitanda kitenge kichwani, akaenda zake mvuani, amefurahi kwamba safari hii jambo lake liko kwa mtu wa nyumbani.

Sasa kadi iko hapa mezani, kando ya sahani. Imelainika pembeni. Kwenye picha hacheki, amekaza shingo, maana mpiga picha lazima alimwambia asitikisike. Mama amepita, ameiona, ameuliza ya nani. Nikamwambia ya Mama Domitila.

"Na inafanya nini huku?" Mama akauliza.

Nimeigeuza kadi uso chini. Ametazama wali, akanitazama mimi, akaenda kuswali.

Nimejaribu leo nzima kumchukia Direkta peke yake. Anastahili. Alinunua majina ya wanawake kwa sabuni, akayageuza vikao na usafiri, na maua ya Kiriri anayamwagilia kwa hayo. Nikimfikiria natamani kutema. Lakini kila nikikaribia kutema nausikia ule mlio wa mashine ya kopi, na mimi nikicheka.

Nimeandika barua. Mara tatu niliianza na "Inasemekana", mara tatu nimeichana. Ya nne imeanza hivi: "Mimi niliyetia sahihi hapa chini ndiye niliyechapa orodha za waanzilishi wa mashirika manne yafuatayo, na wanawake waliotajwa humo sikuwaona, wala hawakuulizwa." Nimeweka jina langu kamili. Nimeweka na namba ya karangamuntu yangu, kwa mara ya kwanza najua ninaiweka wapi. Huenda Ijumaa jioni sina kazi. Mama bado sijamwambia, nitamwambia akimaliza kuswali, kisha nitaupasha huu wali mwenyewe na kuula, maana kesho ni mwendo.

Kesho sianzii biro, barua itafika huko baadaye. Naanzia Buterere, kabla watu hawajaingia mashambani. Nitamsomea barua yote, pamoja na lile la mweka hazina, nimwache aseme atakalosema. Namba yake tayari imo kwenye barua, hahitaji kutoa kitu kingine. Kadi nitamrudishia mkononi, ndani ya vifuko vyake viwili, bila kuipiga kopi hata moja.