Ngumi za Wimbo wa Tatu

Jumamosi, Kilifi

Mkono bado unauma. Sikwenda kupigana mimi. Nilikwenda tamashani kusikiliza nyimbo mpya za Zuhura na bendi yake ya roki. Tangu zitoke Jumatatu nimezisikiliza mpaka nimezihifadhi.

Kwenye wimbo wa tatu, binamu yangu Athumani akamzomea, "Shuka, mwanamke huna haya wewe!" Akamrushia chupa. Zuhura akapasuka paji la uso, lakini hakuacha kuimba.

Nikamwangusha Athumani, nikamkalia kifuani.

Sasa mama amenipigia simu akilia: "Bakari, umemng'oa meno mwana wa dada yangu?"

Lakini kinachonitisha si meno. Kila ngumi niliishusha sawasawa na pigo la dramu, na wimbo ulipokwisha, niliinuka nikapiga makofi.