Jiwe la Baba Mwende

Jumanne, 9 Juni 1998

Mazoezi ya kuendesha gari tena, ile barabara tambarare kando ya uwanja. Mimi naishi Kathiani, kwetu tambarare iko mezani tu! Mwalimu Mutua amenipeleka mlimani mara moja, na breki ya mkono akaivuta yeye mwenyewe. Eti nisiwe na wasiwasi. Basi na mtihani afanye yeye.

Keshokutwa ndiyo siku. Kioko, ndugu wa marehemu mume wangu, Baba Mwende, ndiye anaendesha pikapu yetu tangu mazishi. Wazee wa ukoo wamekata shauri: nisipopata leseni kabla ya mwezi kuisha, pikapu ni yake. Machungwa yangu yatafika soko la Machakos akipenda yeye. Simpendi huyo mtu. Nimeandika.

Alhamisi, 11 Juni

Nimefeli.

Kwenye ubao wenye barabara za kuchorwa nilisukuma kigari cha plastiki bila kosa. Halafu barabarani, wanne ndani ya gari, na afande wa kutahini mbele. Kijana wa kwanza alisahau mkanda. Wa pili alikata kona bila indiketa. Msichana wa Syokimau alitazama gia badala ya barabara. Nikawacheka moyoni. Mjinga mimi.

Zamu yangu. Vioo nimeangalia, indiketa nimewasha. Kwenye mwinuko afande akasema nisimame, kisha niondoke tena. Nikakanyaga breki, gari ikasimama. Na mkono wangu ukafungua mlango.

"Mama, unaenda wapi?"

"Kuweka jiwe."

Mguu ulikuwa umeshatoka kwenye breki. Tukaanza kurudi nyuma, afande akavuta breki ya mkono huku akifoka. Wale watatu wa nyuma walicheka mpaka machozi.

Pikapu yetu haina breki ya mkono. Miaka sita, Baba Mwende akisimama mlimani, mimi naruka na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Hiyo ndiyo kazi niliyoijua. Leo sikuwa dereva, nilikuwa mke wa dereva. Ngai, Mungu wangu!

Nirudi baada ya wiki mbili.

Jumapili, 14 Juni

Kioko amejua. Nani alimwambia? Baada ya ibada akawaigizia watu vile niliruka na jiwe, mgongo umepinda. Hata mama mkwe alicheka, leso mdomoni. Nilitamani kumrushia hilo jiwe lenyewe.

Jumatano, 17 Juni

Nimechukua ufunguo mezani kwa Kioko. Sikuomba. Mutua akaendesha pikapu mpaka kwa fundi. Fundi akaingia chini, akatoka akijipangusa. Kebo ya breki imekatika tu. Kazi ya nusu saa.

Nusu saa!

Nimemkasirikia marehemu, Mungu anisamehe. Mvua, matope, mimba ya Mwende, na mimi na jiwe. Kila nikimuuliza, jibu lake: nikipata nafasi. Miaka sita hakupata nusu saa. Nimelia kwa hasira pale gereji, fundi akadhani nimefiwa juzi.

Kisha nikamwambia Mutua: leo ni mlima tu, na mikono yako kaa nayo. Tulipanda na kusimama mpaka akachoka yeye.

Alhamisi, 25 Juni

Afande yule yule. Akauliza kama nimebeba jiwe. Nikafunga mkanda. Mwinuko ule ule. Breki, breki ya mkono, gia ya kwanza, klachi polepole mpaka gari ikatetemeka, nikaachilia. Haikurudi nyuma hata kidogo.

Nimepita. Kioko aliposikia alileta ufunguo wa pili aliobaki nao, bila kunitazama usoni. Sikumshukuru.

Ijumaa, 26 Juni

Nimepeleka machungwa mwenyewe. Yameisha mapema.

Kurudi, nikasimama kwenye kile kilima cha getini. Nikavuta breki ya mkono. Mkono ukaenda mlangoni wenyewe, nikaurudisha. Gari imetulia. Jiwe liko pale pale kwenye ua, upande mmoja umelainika kwa mikono yangu. Ile hasira kwa Baba Mwende niliitafuta, sikuipata. Nimekaa ndani mpaka Mwende akaja kuniuliza kwa nini sishuki.